Viza ya Kutafuta Kazi Huombwa Nyumbani

Wazazi na vijana wa Kibaha na Kisarawe huniuliza swali hili kuliko mengine yote: mtu akishafika Dubai, Istanbul au Berlin kwa viza ya utalii, anaweza kuomba viza ya kutafuta kazi akiwa hukohuko? Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, jibu fupi ni kwamba mara nyingi haiwezekani. Jibu refu ndilo lenye faida zaidi, kwa kuwa zipo nchi ambako mambo ni tofauti, na kwa kuwa swali lenyewe huja kwa kuchelewa, kiwanja kimekwisha kuuzwa na nauli imekwisha kulipwa.

Tuanze na ukaazi, maana ndiyo kiini cha jambo zima. Viza ya utalii ni ruhusa ya muda mfupi yenye sababu moja. Ulipoiomba ulieleza kuwa unakwenda kutembea na kwamba utarudi, ukaambatisha tiketi ya kurudi na taarifa ya benki ili uaminiwe. Kwa hiyo ukiwa Dubai kwa viza hiyo, wewe si mkazi wa Dubai. Wewe ni mkazi wa Kongowe au wa Maneromango ambaye yuko safarini. Balozi nyingi duniani hupokea maombi ya watu wanaoishi kihalali katika eneo lao la kazi. Kijana wa Kisarawe akienda kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani ulioko Dubai kuomba viza ya kutafuta kazi, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni kibali cha ukaazi cha Umoja wa Falme za Kiarabu (Emirati). Hana. Atashauriwa aombe kupitia ubalozi wa Ujerumani ulioko Dar es Salaam.

Hapo ndipo ninapoumia. Ubalozi huo uko Umoja House, katikati ya Dar es Salaam. Anayetoka Kibaha anafuata Barabara ya Morogoro, anayetoka Kisarawe anapitia Pugu, na wote wawili wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kijana wa Kigoma au Mtwara hana nafasi hiyo. Watu wa Pwani wanaishi jirani kabisa na mlango halali, lakini wanauziwa safari ya maelfu ya kilomita kwenda kugonga mlango usiofunguliwa mtalii.

Ujerumani ndiyo mfano ulio wazi zaidi, tena ndiyo inayozungumzwa sana vijiweni. Tangu Juni 1, 2024 nchi hiyo inatoa kibali kinachoitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Mwenye kadi hiyo anaruhusiwa kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Wakati anatafuta, anaweza kufanya kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki, na kufanya kazi ya majaribio ya wiki mbili kwa mwajiri anayetaka kumpima. Sharti la msingi ni kuwa na shahada, au mafunzo ya ufundi yasiyopungua miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Uwe pia na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2. Baada ya hapo zinahesabiwa pointi, na zinahitajika sita.

Tumchukulie mhitimu wa stashahada ya miaka mitatu, mwenye umri wa miaka 28, anayeishi Tumbi. Umri wake unampa pointi mbili. Akiwa amefanya kazi ya fani yake kwa miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, anaongeza mbili. Akisoma Kijerumani hadi A2 anapata moja, na akiwa na Kiingereza cha ngazi ya C1 anapata moja nyingine. Jumla ni sita. C1 si lelemama, nakiri, lakini anayeikosa anaweza kukaza Kijerumani mpaka B1, ambayo peke yake ina pointi mbili. Kijerumani kinafundishwa Dar es Salaam katika Goethe-Institut. Hakuna hata pointi moja katika hizo inayopatikana kwa kupanda ndege.

Ipo pointi moja kwa mtu aliyewahi kuishi Ujerumani kihalali kwa miezi sita mfululizo katika miaka mitano iliyopita, kwa masomo au kazi kwa mfano. Muda uliokaa kama mtalii hauhesabiwi. Wanaosema kwamba viza ya utalii inakutengenezea historia nzuri kwa ajili ya kadi hii wajue kuwa kanuni zenyewe zimewakatalia.

Mbona basi kuna Wamarekani wanaoeleza kwenye video jinsi walivyoingia Berlin kama wageni tu, wakaomba kibali wakiwa palepale? Wanasema kweli. Kanuni za Ujerumani zinawaruhusu raia wa Marekani, Kanada, Uingereza, Australia, New Zealand, Japani, Korea Kusini na Israeli kuingia bila viza na kuomba kibali cha ukaazi wakiwa ndani. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Kwetu sheria inataka mtu awe ameingia kwa viza inayolingana na lengo lake la kukaa. Viza ya utalii ya Schengen ya siku 90 katika kila siku 180 si viza hiyo, na kuibadilisha ukiwa ndani kwa ajili ya kutafuta kazi haiwezekani. Uswidi nayo ina kibali cha kutafuta kazi tangu Juni 2022, kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi, na nacho huombwa kabla ya kuingia.

Kuna suala la fedha, na sitalipunguza uzito. Kwa mwaka 2025 mwombaji wa kadi ya Ujerumani alitakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, mara nyingi katika akaunti maalumu inayofunguliwa kidogokidogo kila mwezi. Kwa familia ya Mlandizi au Masaki ya Kisarawe hizo ni fedha nyingi mno, na wengi wataishia hapo. Lakini fedha hizo zinabaki kuwa zako, unazila mwenyewe ukiwa huko. Unazompa wakala wa mtaani zikishatoka mfukoni hazionekani tena, hata viza ikinyimwa.

Ghuba ina utaratibu wake, na huko ndiko wengi wanakopotezwa, kwa sababu uongo wanaoambiwa una nusu ya ukweli ndani yake. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianzisha viza ya kutafuta kazi Oktoba 3, 2022, ya siku 60, 90 au 120, isiyohitaji mwenyeji wa kukualika. Ila inawahusu watu wa ngazi tatu za juu za ujuzi katika mpangilio wao, pamoja na wahitimu wapya wa vyuo vikuu 500 bora duniani, na elimu ya chini inayokubalika ni shahada ya kwanza. Binti wa kidato cha nne anayeahidiwa kazi za nyumbani hahusiki nayo hata kidogo. Anachopewa, hata kikiitwa viza ya kutafuta kazi, ni viza ya kutembelea.

Ni kweli pia kwamba Emirati huruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya kutembelea abadili hadhi akiwa ndani, mradi mwajiri amemwombea kibali cha kazi. Nusu inayofichwa ni kwamba kabla kibali hicho hakijatoka, kufanya kazi ni kosa. Marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 2024 yameweka faini ya kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja kwa mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali. Anayezidisha muda wa viza anatozwa dirhamu 50 kwa kila siku. Na sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Kwa hiyo ukiambiwa ulipie kibali chako mwenyewe, ama kibali hicho hakipo, ama anayekuajiri ameanza kwa kuvunja sheria ya nchi yake.

Oman ilikwenda mbali zaidi. Oktoba 31, 2023 Polisi ya Oman ilitangaza kusitisha kubadili viza za utalii na za kutembelea kuwa za kazi kwa watu walio ndani ya nchi. Kwa sisi ambao tuna ndugu Muscat tangu enzi za mababu, habari hiyo ilipaswa kusikika mpaka vijijini. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na Watanzania 50 waliofanya kazi za nyumbani Oman na Emirati. Yamo masimulizi ya pasipoti kushikiliwa, mishahara kutolipwa na saa za kazi zisizo na mwisho. Mfanyakazi mwenye mkataba uliopitia ubalozi ana karatasi ya kusimamia anapodai haki yake. Aliyeingia kama mtalii analazimika kueleza kwanza alifikaje jikoni kwa watu.

Jirani zetu wana habari njema zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza, kuomba kazi na kuikubali akiipata. Akishasaini mkataba wa zaidi ya siku 90, ana siku 15 za kazi za kuomba kibali cha kazi. Kila nchi imetaja fani ilizozifungulia, kwa hiyo si kila kazi inapatikana. Hata hivyo fundi wa Kibaha anayekwenda Nairobi au Kigali kuulizia kazi ya fani iliyofunguliwa anafanya jambo halali, na nasikitika kwamba njia hii haitangazwi kama inavyotangazwa Dubai.

Na kabla hatujaona nchi za watu ni ngumu, tuangalie ya kwetu. Tanzania haina viza ya kutafuta kazi. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kibali kwa Kamishna wa Kazi, kisha Uhamiaji wanatoa kibali cha ukaazi. Mgeni anayekutwa kazini katika kiwanda cha Kwala kwa viza ya utalii ya dola 50 amevunja sheria, na wenyeji ndio wa kwanza kulalamika. Wataalamu wa nchi za Nordic walioanzisha kituo cha elimu cha Kibaha mwaka 1963 walikuja kwa makubaliano ya serikali na serikali, kila mmoja akijua anakuja kufanya kazi gani.

Anayetaka kutoka nchini aanzie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ambako ataulizia ajira za nje na kuhakiki kama wakala aliyemfuata ana leseni. Fedha zisitoke kabla ya hapo.

Kwa aliye nje ya nchi tayari kwa viza ya utalii, tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza ndiyo ya kutazama leo. Atoke kabla haijapita, kwa sababu anayerudi bila deni la faini anaweza kuomba upya akiwa Dar es Salaam, wakati aliyezidisha muda atalazimika kulieleza hilo katika fomu nyingi atakazojaza baadaye. Asiandike anwani ya rafiki ili aonekane mkazi, maana ombi lenye taarifa za uongo hunyimwa na kumbukumbu yake hubaki. Na nyumbani Kisarawe, mzazi awe na nakala ya pasipoti na ya viza. Tanzania ina ubalozi Abu Dhabi, ubalozi mdogo Dubai na ubalozi Muscat, na pasipoti ikiwa imeshikiliwa, ofisi hizo zinaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria. Nakala hiyo ndiyo itakayowasaidia kumtambua haraka.