Kumlisha Mtu Dawa kwa Siri: Madhara yake Mwilini na Adhabu yake Kisheria

Katika nchi ya Mbinga na ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kama kwingineko nchini, mgeni hukaribishwa kwa chakula. Apokeaye ugali na usipa, au kikombe cha ulanzi, haulizi kilichomo, kwani anamwamini mwenyeji wake. Mtu atiaye dawa katika chakula hicho huitumia imani hiyo kuwa silaha.

Kinachotokea mwilini

Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu hulegeza viungo na kufuta kumbukumbu. Zikichanganywa na pombe zaweza kudhoofisha pumzi hata kuleta mauti. Mnanaha hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, huenda mbio moyo na mgonjwa huweweseka.

Bangi nayo ikivutwa hufika ubongoni kwa dakika chache. Ikiliwa, hupita kwanza katika ini, ambalo huigeuza kemikali yake kuu kuwa nyingine yenye nguvu zaidi. Dalili hukawia kati ya nusu saa na saa mbili. Kwa hiyo mlaji asiyejua huongeza kula, au hushikwa akiwa tayari yumo ndani ya mtumbwi au juu ya baiskeli. Tabibu naye, asipojua kilicholiwa, hupoteza muda wenye thamani.

Sheria isemavyo

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hutazama nia na matokeo. Mwenye kumpa mtu dawa ya kumlevya ili amwibie au atende kosa jingine aweza kufungwa maisha, hata kama alijaribu tu. Mwenye kumpa mtu sumu au kitu chenye madhara kwa nia ya kumdhuru au kumuudhi, akahatarisha uhai wake au kumletea madhara makubwa, aweza kufungwa miaka 14. Tangu mwaka 1998, ridhaa ya mwanamke aliyeleweshwa na mwanamume, pasipo makubaliano ya awali, si ridhaa. Huko ni kubaka, na adhabu yake kwa kawaida haipungui miaka 30.

Wako wasemao kwamba walifanya mzaha, au kwamba limbwata lilitiwa kwa mapenzi. Utetezi huo ni dhaifu. Nia ya kuudhi yatajwa na sheria yenyewe. Na mlaji akifa kwa tendo lisilo halali, mtendaji aweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha maisha. Ikithibitika kwamba alidhamiria kuua, adhabu ni kifo. Aidha, kuwa na bangi ni kosa la peke yake chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015.

Ushahidi hauna subira

Dawa nyingi hutoka katika damu kwa saa au siku chache. Mgonjwa alazwe ubavu, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali upesi. Mabaki ya chakula na matapishi yahifadhiwe katika chombo safi kilichofunikwa, na polisi waarifiwe ili watoe fomu PF3 na kupeleka vielelezo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sahani ioshwayo kwa haraka yaweza kuondoka na ushahidi wote.