Nahodha Aliyeshuka Daraja

Watoto wa Bondeni, hapa Mombasa, nawajua. Madrasa ikitoka na mpira ukiwekwa chini, kila mmoja ataka kucheza mbele, na anayeambiwa akae kati akabe hununa mpaka jua lichwe. Basi leo nawasimulia habari za mtu aliyekubali kukaa kati na kukaba. Kazi hiyo ilimfikisha mbali sana, na mwishoni ikampeleka mahali ambapo watu wengi walimwonea huruma. Mimi sikumwonea huruma hata kidogo.

Jina lake ni Victor Wanyama. Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991, katika nyumba ya mpira hasa. Babake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards na timu ya taifa. Kakake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Victor aliondoka nyumbani angali kijana mdogo, akamfuata kakake Uswidi katika klabu ya Helsingborg, kisha akaenda Ubelgiji kuichezea Beerschot. Alipofika miaka 20, mwaka 2011, Celtic ya Glasgow ikamnunua. Ndivyo alivyofika Uskoti.

Sasa sikilizeni vizuri kuhusu kazi yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi wenu hamtazami. Kiungo mkabaji husimama mbele ya mabeki. Adui akija na mpira, yeye ndiye wa kwanza kumkabili. Pasi ikipigwa, yeye amekwisha kuisoma inakwenda wapi, na akiipokonya haoneshi mbwembwe: huitoa kwa mwenzake aliye huru, kisha hurudi mahali pake. Beki wa pembeni akipanda kushambulia, yeye huziba pengo. Mnajua harusini watu humsifu bwana arusi na nguo zake, na anayesimama nyuma ya nyumba tangu alfajiri juu ya sufuria za pilau hatajwi. Lakini pilau ikiungua, harusi nzima imeharibika. Kiungo mkabaji ndiye huyo wa kwenye sufuria.

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012 Barcelona walikuja Glasgow. Messi alikuwapo, Xavi na Iniesta pia. Waliumiliki mpira karibu muda wote, na Wanyama na wenzake wakakaba, wakakimbia, wakakaba tena. Dakika ya 21 Celtic wakapata kona. Charlie Mulgrew akaipiga, Wanyama akapaa juu ya beki, akautia kichwa mpira ukatua wavuni. Tony Watt akaongeza bao la pili baadaye, Messi akapata moja dakika za nyongeza, na mechi ikaisha 2-1. Hakuna Mkenya aliyekuwa amefunga bao katika Ligi ya Mabingwa kabla ya usiku ule. Kocha wa Celtic alikuwa Neil Lennon, naye enzi zake alikuwa kiungo mkabaji vilevile. Shikeni jina hilo.

Mwaka uliofuata Southampton ya Uingereza ilitoa pauni milioni 12.5 kumchukua, na hadi wakati huo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imeuza mchezaji kwa bei hiyo. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 akahamia Tottenham. Mwaka 2017 goti likamuumiza, na kwa kiungo wa aina yake goti ni mtaji, kwa sababu kazi yote ni kugeuka ghafla na kukabana kwa nguvu. Aliiongoza Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kama nahodha huko Misri katika Kombe la Afrika la 2019, ambako tuliwafunga jirani zetu wa Tanzania 3-2. Mwaka 2020 akaenda Montreal, Kanada, akakaa huko mpaka mwisho wa 2024.

Kisha akawa hana timu. Na mwaka 2025, msimu ukikaribia kwisha, akiwa na miaka 33, akatia saini Dunfermline Athletic ya Uskoti.

Ligi za kulipwa za Uskoti zina timu 42. Timu 12 ziko juu, halafu kuna madaraja matatu chini yake, kila daraja timu 10. Dunfermline ilikuwa daraja la pili, tena inahangaika isishuke zaidi. Ukiteremka mpaka madaraja ya chini kabisa utakuta wachezaji wengi wana kazi nyingine mchana, na mazoezi wanafanya jioni. Watu wa namna hiyo hapa Mombasa mnawaona: asubuhi yuko bandarini au sokoni, alasiri yuko uwanjani na viatu mkononi.

Watu wakasema Wanyama ameanguka. Neno hilo silikubali. Aliyemwita ni Lennon, kocha wake wa zamani, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa timu ile yenye shida. Mtu aliyecheza na kina Messi angeweza kukaa nyumbani akapumzika. Yeye alivaa jezi yenye michirizi myeusi na myeupe akaingia kwenye baridi ya Fife, huko huko Dunfermline, kusaidia timu ibaki pale ilipokuwa. Hiyo ni kazi ileile aliyoifanya maisha yake yote, kuziba pengo la wenzake.

Na Dunfermline si timu ya kudharauliwa. Alex Ferguson, yule wa Manchester United, aliichezea kuanzia 1964 hadi 1967, tena alikuwa mfungaji hodari. Kabla yake alikuwapo mtu mkubwa zaidi kwa watu wa Uskoti, na namba ya jezi ya Wanyama inatupeleka kwake. Wanyama alipokuwa Celtic alivaa namba 67 mgongoni, kuukumbuka mwaka 1967, Celtic ilipowafunga Inter Milan 2-1 mjini Lisbon na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza yote kutwaa Kombe la Ulaya. Kocha wa kikosi kile aliitwa Jock Stein, na kazi ya kuongoza timu ya wakubwa aliianzia Dunfermline. Alifika Machi 1960, timu ikiwa hoi inapigania isishuke daraja, akaiokoa. Mwaka uliofuata akaipatia Kombe la Uskoti, na waliofungwa katika fainali ile ni Celtic wenyewe, 2-0, baada ya mechi kurudiwa.