Bonasi ya Chai: Igawanye Kabla Haijafika

Mkulima mdogo wa chai katika Kericho na Bomet hulipwa mara mbili kwa majani yale yale. Kila mwezi hupata malipo ya kwanza kwa kilo alizopeleka kituoni. Na baada ya hesabu za mwaka kufungwa tarehe 30 Juni, hupata malipo ya pili, yaani bonasi, ambayo kwa kawaida hufika karibu na mwezi wa Oktoba.

Bonasi hupanda na kushuka kufuatana na bei za mnada wa Mombasa. Kwa hiyo si busara kukopa kwa kuitegemea fedha ambayo kiasi chake hakijajulikana. Chakula na mahitaji ya kila siku yatoke katika malipo ya mwezi. Bonasi iandikiwe karatasi mapema: kwanza madeni, pili karo ya Januari, tatu akiba.

Karo ya shilingi 24,000 kwa mwaka ni shilingi 2,000 tu kwa mwezi. Aziwekaye mapema katika chama cha akiba na mikopo hatalazimika kuuza ng'ombe shule zifunguliwapo.

Tena shauri hili si la mtu mmoja. Jina katika daftari la kiwanda huwa moja, lakini mikono iliyochuma ni mingi. Yafaa mume na mke wakubaliane kabla fedha haijatolewa benki.