Vipuri vya lethi: Vipimo ndivyo vinavyopanga bei

Katika biashara ya vipuri vya mitumba vya lethi, yaani mashine za kukerezea chuma, muuzaji na mnunuzi mara nyingi hawauziani kitu kimoja. Muuzaji wa vyuma chakavu, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, anauza uzito. Fundi mwenye karakana ndogo nyumbani ananunua gia au skrubu. Faida, na hasara pia, imo katika pengo hilo.

Chukua mfano wa Myford ML7, lethi ndogo ya Kiingereza iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940 na kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011, lakini jina lilinunuliwa na mashine zake bado zinatumika kwa wingi. Kipuri chake halisi kina wateja, mradi ithibitike kuwa ni chake. Namba ya mashine ikianza na K ni ML7. Ikianza na SK ni ndugu yake mkubwa, Super 7. Tatizo ni kwamba vipuri vingi hufika sokoni bila kitanda chenye namba.

Hapo ndipo venia inapolipa gharama yake. Gia za ML7 ni za kipimo cha inchi, 20 DP. Hesabu meno, ongeza mbili, kisha gawanya kwa upana wa nje kwa inchi. Gia ya meno 38 inatoa 40. Ikiwa na upana wa inchi 2, jibu ni 20, nayo inaingia. Gia ya meno 38 ya kipimo cha metriki, moduli 1.25, ina upana wa milimita 50. Ile ya inchi ina milimita 50.8. Kwa rula ya muuzaji zote ni "sentimita tano". Zikifungwa pamoja zitapiga kelele na kulana, na aliyenunua kumi kwa mkupuo atazirudisha kwenye mizani kwa bei ya chuma.

Kwa kishikio cha taya tatu, ambacho mafundi hukiita chaki, angalia taya kwanza. Kila taya ina namba, 1 hadi 3, na huingizwa kwa mpangilio huo. Taya zilizookotwa kutoka chaki tofauti hazitashika kazi katikati hata zikisafishwa vipi. Nyuzi za spindeli ya ML7 ni inchi 1⅛, nyuzi 12 kwa inchi. Bamba la nyuma lisilo na nyuzi hizo litahitaji kukerezwa upya, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei.

Kutu yenyewe isimtishe mnunuzi. Beseni la plastiki, maji yenye magadi ya kufulia na chaja ya betri vinatosha: kipuri upande hasi, kipande cha chuma cha kawaida upande chanya. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande chanya, kwani huacha sumu ya kromiamu majini. Kazi ifanyike nje, maana gesi inayotoka hulipuka, na vipuri vya alumini au zinki visiingizwe kabisa. Baadaye suuza, kausha na paka oili papo hapo.

Kipuri cha kuogopa ni kile kinachong'aa. Wapo wauzaji wanaopitisha grenda ili bidhaa ipendeze, na kitanda au meno ya gia yakishaguswa na jiwe hayana tena vipimo vyake. Bora kutu, ambayo angalau inasema ukweli.

Skrubu ya kusogezea kisu ina jaribio lake rahisi. Zungusha nati kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikicheza katikati na kukaza pembeni, skrubu ndiyo iliyolika. Ikicheza sawa kote, imeisha nati. Nati ya shaba inaweza kukerezwa na fundi mwenye lethi nyingine. Skrubu iliyolika ni heri ibaki kwa muuzaji.