Tija ya Kazi na Tuzo Isiyo ya Fedha

Mkazi wa Nachingwea hahitaji kuelezwa kwamba fedha peke yake haizai tija. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka pwani, mamilioni ya pauni yakateketea. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Hata hivyo mfano huu tusiutumie vibaya. Ulioushinda mpango ule ni udongo, mvua na pupa ya waliouandaa, wala si uvivu wa vibarua, ijapokuwa lawama huwaangukia wao upesi.

Swali letu ni jembamba zaidi. Yawezekanaje waganga wawili wenye mshahara mmoja na ujuzi mmoja, mmoja Nachingwea na mwenziwe Ruangwa, watoe huduma isiyolingana?

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao mia mbili huko Marekani, walieleza kwamba mshahara na mazingira ya kazi, vikipungua, huleta uchungu. Lakini vikitosha, havileti bidii kwa lazima. Bidii hutokana na kazi yenyewe, dhamana anayopewa mtu, na kutambuliwa kwa alichokifanya. Nadharia hiyo imepingwa na wengi, nami naona iliidharau mno njaa. Mhandisi wa Pittsburgh hakudaiwa kodi ya nyumba kwa miezi mitatu.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka Arusha. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwahoji wagonjwa waliotoka kwa tabibu, kabla na baada ya watafiti kuingia chumbani mwake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba tabibu alipotazamwa na mwenzake wa taaluma, aliuliza na kupima kwa ukamilifu zaidi, pasipo kuongezewa hata senti. Kumbe ujuzi alikuwa nao! Lakini baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na watano alirejea katika mazoea yake.

Hapa ndipo penye uzito kwa wilaya hizi mbili. Maadili ya kazi yamo ndani ya mtu, ila hufifia pasipo jicho la mwenzake anayeijua kazi. Mkaguzi ajaye mara moja kwa mwaka, akatia sahihi kitabu cha wageni na kuondoka, hajatimiza neno. Vivyo hivyo cheti cha mfanyakazi bora kinachotolewa siku ya Mei Mosi kwa zamu: kila mmoja akijua kwamba mwaka ujao ni wake, hakimtambui mtu. Mkunga aliyeamka usiku wa masika kumpokea mzazi anastahili kuulizwa, kwa jina lake na mbele ya wenzake, alifanyaje; na nyumba iliyo jirani na zahanati humfaa kuliko hotuba.