Ana Akili, Lakini Mbona Hasomi?

Ndugu mzazi, huenda nawe unaye. Darasa la saba alifaulu vizuri, na majirani wa Mlowo wakakupa hongera. Leo yuko kidato cha tatu, madaftari hayafunguliwi, asubuhi haamki mpaka avutwe shuka, na kila ukimwuliza hujibu, "Sijui." Mwalimu anaandika yale yale: ana uwezo, hajitumi.

Majibu yetu yanajulikana. Fimbo. Au apelekwe kuchuma kahawa "aone taabu". Wengine hudai karogwa.

Mchunguze kwanza. Mtoto aliyeshinda shule ya msingi bila jasho hakupata kujifunza kuhangaika na swali gumu. Akikutana na hisabati za sekondari, tena kwa Kiingereza, huona afadhali aitwe mvivu kuliko aitwe mjinga. Tena ana macho: anawaona kaka zake wenye vyeti vya kidato cha nne wakipakia magunia kwenye malori ya Tunduma. Usimkaripie kwa kuliona hilo. Keti naye nusu saa kila jioni, hata kama hesabu zenyewe huzijui.

Lakini ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili hali wala halali vizuri, au analala mchana kutwa, amewaacha rafiki zake na hata mpira alioupenda, huenda ni sonona. Kwa vijana ugonjwa huu mara nyingi huja kwa sura ya hasira, nasi tukauita jeuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nyumba yako haikulaaniwa peke yake.

Akisema afadhali afe, usimkemee. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo zifungie mbali dawa za kuulia wadudu wa kahawa, ambazo wengi wetu huziweka uvunguni.

Wazazi huogopa hospitali kwa sababu ya jina la Mirembe, ile ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927, ambalo tumeligeuza kuwa tusi. Anza na daktari wa hapo Vwawa; ikibidi atawaandikia barua ya Hospitali ya Rufaa Mbeya. Pandeni basi pamoja, na njiani usimtajie mitihani.