Kituo cha Vijana Kikifungwa, Gharama Huhamia Wapi?

Mwaka 2011 halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, ilifunga vituo 8 kati ya vituo vyake 13 vya vijana. Bajeti ya huduma hiyo ilifyekwa kwa robo tatu. Agosti ya mwaka huohuo polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan huko Tottenham, ndani ya Haringey, na ghasia zilizoanzia hapo zikaenea hadi Birmingham na Manchester. Wapo walioyaunganisha mambo hayo mawili moja kwa moja. Walikuwa na pupa: uhasama kati ya polisi na wakazi wa Tottenham ni wa tangu miaka ya 1980. Madhara ya kufunga vituo hayakuja kwa kishindo cha aina hiyo, na ilichukua miaka kuyapima.

Lakini kwa nini vituo vya vijana ndivyo vilivyotangulia kufungwa? Serikali ya mseto ya David Cameron iliingia madarakani Mei 2010 ikiwa imeazimia kupunguza nakisi ya bajeti, na ndani ya miaka minne ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri ikapungua kwa zaidi ya robo. Halmashauri haiwezi kukata popote inapotaka. Mtoto aliye hatarini na mzee asiyejiweza wanalindwa na sheria, na halmashauri ikiwatelekeza inaweza kufikishwa mahakamani. Vijana nao wana kifungu chao, 507B cha Sheria ya Elimu ya 1996, ila kinaitaka halmashauri iwahudumie kadiri itakavyowezekana tu. Mwanasheria yeyote wa halmashauri anajua pa kupenya hapo.

Kwa mpita njia, kituo ni ukumbi wenye meza ya tenisi na kelele nyingi. Thamani yake iko kwa mfanyakazi anayeshinda pale jioni baada ya jioni, akajua nani hajala, nani ameanza kutoroka shule, na nani siku hizi anatembea na kisu. Si mwalimu wala askari, ndiyo maana huambiwa mambo ambayo hao wawili hawaambiwi. Kitabu cha bajeti hakina safu ya ugomvi ambao haukutokea.

Safu hiyo ilijaribiwa kujazwa na mchumi Carmen Villa, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024 na taasisi ya utafiti wa fedha za umma ya IFS. Kati ya 2010 na 2019 takriban asilimia 30 ya vituo vya vijana vya London vilifungwa. Villa aliwatazama vijana ambao kituo kilicho ndani ya mwendo wa dakika 40 kwa miguu kilifungwa, akawalinganisha na wenzao ambao chao kilibaki wazi. Wenye umri wa miaka 10 hadi 17 waliopoteza kituo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 14, wa kutenda uhalifu. Alama zao katika mitihani ya umri wa miaka 16 zilishuka pia, na walioanguka zaidi ni wale wanaostahili chakula cha bure shuleni, yaani watoto wa familia maskini.

Kisha hesabu: kwa kila pauni 1 iliyookolewa, jamii ilipata hasara ya karibu pauni 3.

Hasara hiyo haimrudii aliyekata. Nafuu inaonekana kwenye vitabu vya halmashauri mwaka uleule. Kesi, jela na elimu iliyopotea huja baadaye, tena kwa mafungu ya wizara nyingine. Diwani aliyepiga kura ya kufunga ukumbi anaweza kuwa mtu mwadilifu na bado hesabu yake ikawa sahihi kwa vitabu vilivyo mbele yake tu.

Kurudisha kilichofungwa nako si rahisi. Baadaye serikali ilianzisha mfuko wa uwekezaji kwa vijana wenye zaidi ya pauni milioni 300, ambazo sehemu kubwa ilielekezwa kwenye majengo. Jengo hupatikana kwa mkandarasi. Mfanyakazi anayeaminiwa na vijana wa mtaa mmoja anahitaji mshahara wa kila mwezi, miaka mfululizo, na fedha za namna hiyo bado zinategemea halmashauri zilezile ambazo sheria haijazibana.